Chanjo kwa waliopandikizwa viungo: Kinga hupimwa vipi, na majibu yana maana gani?

MTU mwenye afya akidungwa chanjo, kwa kawaida huondoka kituoni bila haja ya kurudi kuuliza iwapo sindano ilifanya kazi. Mwili wake huitambua chanjo, huunda kinga na kuihifadhi. Kwa aliyepandikizwa figo, ini, moyo au pafu, mambo si mepesi hivyo. Anaweza kukamilisha dozi zote, akapewa cheti chenye mhuri, na bado damu yake ikakosa kinga ya kutosha kumlinda. Cheti huthibitisha kwamba sindano ilidungwa. Hakithibitishi kwamba mwili uliitikia.

Pengo hilo kati ya kuchanjwa na kukingwa ndilo linalowafanya wataalamu wa upandikizaji kupima mwitikio wa kinga maabarani. Vipimo hivyo ni vya aina kadhaa, na kila kimoja hujibu swali tofauti. Mgonjwa au jamaa yake asiyeelewa tofauti hizo anaweza kufarijika pasipo na sababu, au kukata tamaa mapema mno.

Kiini cha tatizo

Mfumo wa kinga umeumbwa kutofautisha kilicho cha mwili na kilicho kigeni. Figo ya ndugu, hata ikitolewa kwa mapenzi makubwa kiasi gani, kwa mfumo huo ni mgeni aliyeingia bila kubisha hodi, nao hauchelewi kuishambulia.

Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofaulu kwa muda mrefu ulifanywa mjini Boston, Marekani, mnamo Desemba 23, 1954, na kikosi kilichoongozwa na daktari Joseph Murray. Mtoaji na mpokeaji, Ronald na Richard Herrick, walikuwa pacha wa kufanana, kwa hivyo mwili wa Richard haukuona lolote la kukataa. Murray alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1990.

Kwa wagonjwa wasio na pacha, ilibidi zitafutwe dawa za kupunguza makali ya kinga. Azathioprini ilianza kutumika katika miaka ya 1960, siklosporini ikaidhinishwa Marekani mwaka wa 1983, kisha takrolimasi na mikofenoleti zikafuata katika miaka ya 1990. Hadi leo, wagonjwa wengi humeza takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni, na hawapaswi kuziacha maadamu kiungo kile kingali kinafanya kazi.

Takrolimasi huzuia seli T, ambazo ni aina ya seli nyeupe za damu, zisipokee amri ya kuamka. Mikofenoleti huzinyima seli T na seli B malighafi ya kuzaliana. Prednisoloni hutuliza mfumo mzima. Chanjo nayo hutegemea njia hizo hizo: lazima seli T ziamke ili zizisaidie seli B, na lazima seli B zizaliane kwa wingi ili ziunde kingamwili, yaani protini zinazokinasa kijidudu kabla hakijaleta madhara. Ni sawa na kulifunga mbwa la ulinzi mdomo lisimng'ate mgeni wa heshima, kisha kulitarajia liwafukuze wezi.

Kuhesabu kingamwili

Kipimo kinachotumika zaidi ni cha kuhesabu kingamwili katika damu. Njia mashuhuri ni ile ijulikanayo kama ELISA, iliyobuniwa mwaka wa 1971 na watafiti wa Uswidi, Eva Engvall na Peter Perlmann, huku wenzao wa Uholanzi wakifikia njia kama hiyo wakati huo huo.

Utaratibu wake ni rahisi kueleweka. Bamba dogo la plastiki lenye vishimo 96 hupakwa protini ya kijidudu kinachochunguzwa. Majimaji ya damu ya mgonjwa humiminwa katika vishimo hivyo. Ikiwa yana kingamwili dhidi ya kijidudu hicho, hujishikiza kwenye protini na haziondoki bamba linapooshwa. Kisha hutiwa kemikali inayobadili rangi palipo na kingamwili. Kadiri rangi inavyokolea, ndivyo kingamwili zilivyo nyingi, na mashine huisoma rangi hiyo na kuigeuza kuwa tarakimu.

Tarakimu peke yake haina maana bila kiwango cha kuilinganisha nacho. Kwa baadhi ya magonjwa, viwango vinavyotumika vimejulikana kwa miaka mingi:

Homa ya ini aina ya B: Kingamwili za miliyuniti 10 za kimataifa au zaidi kwa kila mililita ya damu, zikipimwa mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho, huchukuliwa kuwa ishara ya kinga.

Kichaa cha mbwa: Shirika la Afya Duniani (WHO) hutumia kiwango cha nusu yuniti ya kimataifa kwa mililita kuwa dalili kwamba mwili umeitikia chanjo ipasavyo. Mtu mwenye kinga hafifu akiumwa na mbwa, hupewa matibabu kamili, na hushauriwa apimwe baadaye ili ijulikane kama aliitikia.

Surua: Kiwango kinachotumiwa sana ni miliyuniti 120 kwa mililita.

Mafua: Hapa hesabu ni ya namna nyingine. Virusi vya mafua vina tabia ya kugandisha chembe nyekundu za damu, jambo lililogunduliwa na George Hirst wa Marekani mwaka wa 1941. Majimaji ya damu ya aliyechanjwa huongezwa maji hatua kwa hatua, na mtaalamu hutazama ni katika hatua gani yanashindwa kuzuia mgando huo. Yakiwa bado yanauzuia baada ya kuzimuliwa mara 40, jibu huandikwa 1:40. Kwa watu wazima wenye afya, kiwango hicho kimehusishwa na kupungua kwa hatari ya kuambukizwa kwa takriban nusu.

Ni muhimu kukumbuka kwamba viwango hivi vingi vilipatikana kwa kuwachunguza watu wenye afya. Kwa aliyepandikizwa kiungo, ni vielelezo vya kukadiria tu. Aliyefikisha 1:40 hana hakika ya usalama, na aliyepungukiwa hajahukumiwa kuugua.

Kinga na mwitikio ni mambo mawili

Tofauti nyingine inayowatatiza wengi ni ile iliyopo kati ya kuwa na kinga na kuitikia chanjo. Chukua mfano wa wagonjwa wawili wanaopimwa kinga ya mafua. Wa kwanza alikuwa na 1:80 kabla ya chanjo, na baada ya mwezi mmoja bado ana 1:80. Amevuka kiwango, lakini chanjo ya mwaka huu haikumwongezea chochote. Kinga hiyo aliipata zamani, labda kwa kuugua. Wa pili alianza na 1:5 akafika 1:20. Hajafikia 1:40, ila kingamwili zake zimeongezeka mara nne, na ongezeko hilo ndilo watafiti hulihesabu kuwa mwitikio.

Ili tofauti hiyo ionekane, damu sharti itolewe mara mbili: kabla ya chanjo na takriban wiki nne baadaye. Anayepimwa mara moja tu, baada ya sindano, hujua alipo bila kujua alikotoka.

Wingi si nguvu

Kingamwili zinaweza kuwa nyingi na zisifue dafu. Kipimo cha pili kwa hivyo huuliza iwapo zinaweza kukizuia kirusi kisiingie ndani ya seli. Majimaji ya damu huchanganywa na kirusi chenyewe, au kirusi bandia kilichovishwa protini ya kile kinachochunguzwa, kisha mchanganyiko huo huwekwa pamoja na seli hai. Seli zikisalimika, kingamwili zimefanya kazi yake.

Kipimo hiki hukaribia zaidi uhalisi wa mambo, lakini ni ghali na cha polepole. Kwa virusi hatari, kama vile vya Corona, huhitaji maabara yenye ulinzi wa hali ya juu. Ndiyo sababu hutumika zaidi katika utafiti kuliko katika kliniki.

Tatu, zipo seli T zenyewe. Baadhi yake huziangamiza seli zilizokwisha kuingiwa na virusi, na hivyo huweza kupunguza makali ya ugonjwa hata pale kingamwili zilipo haba. Mojawapo ya njia za kuzipima ni ELISPOT. Seli hai za mgonjwa huonyeshwa vipande vya protini ya kirusi. Zile zinazokikumbuka hutoa kemikali iitwayo interferoni gama, na kila moja huacha doa dogo kwenye bamba. Madoa yakihesabiwa, hujulikana ni seli ngapi zina kumbukumbu.

Ugumu wake ni kwamba seli lazima zifike maabarani zikiwa hai na zishughulikiwe upesi. Zaidi ya hayo, hakuna idadi ya madoa iliyokubaliwa na wote kuwa ndiyo mpaka wa usalama.

Funzo la Corona

Tatizo hili lilijulikana kwa miongo mingi miongoni mwa wataalamu, lakini ni janga la Corona lililoudhihirishia ulimwengu ukubwa wake. Majaribio makuu ya chanjo ya mwaka wa 2020 hayakuwashirikisha watu wanaotumia dawa za kupunguza kinga. Chanjo zilipoidhinishwa, hakuna aliyejua zingewafaa kwa kiasi gani.

Majibu ya mwanzo yalitoka katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore. Machi 2021, watafiti wake walieleza katika jarida la JAMA kwamba kati ya watu 436 waliopandikizwa viungo na kupokea dozi ya kwanza ya chanjo ya mRNA, ni asilimia 17 pekee waliopatikana na kingamwili.

Mwezi wa Mei mwaka huo, walitoa matokeo ya watu 658 baada ya dozi mbili. Asilimia 15 walikuwa wameitikia tangu dozi ya kwanza, asilimia 39 waliitikia baada ya ya pili, na asilimia 46 hawakuonyesha kingamwili hata baada ya dozi zote mbili. Waliokuwa wakitumia dawa za kundi la mikofenoleti ndio waliokuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuitikia. Miongoni mwa watu wenye afya, kukosa kingamwili baada ya dozi mbili kulikuwa jambo la nadra.

Madaktari wa Toulouse, Ufaransa, walijaribu dozi ya tatu. Matokeo yao, yaliyochapishwa Juni 2021 katika New England Journal of Medicine, yalihusu wagonjwa 101. Kabla ya dozi ya kwanza hakuna aliyekuwa na kingamwili. Kabla ya ya pili walikuwa asilimia 4. Kabla ya ya tatu asilimia 40. Na wiki nne baada ya ya tatu asilimia 68. Kati ya 59 waliokuwa hawana kingamwili baada ya dozi mbili, 26 walizipata baada ya ya tatu.

Ushahidi thabiti zaidi ulitoka Toronto, Kanada, Agosti 2021. Wagonjwa 120 waligawanywa kwa kura: nusu wakadungwa dozi ya tatu ya chanjo ya Moderna, nusu wakadungwa maji ya chumvi yasiyo na dawa. Waliofikia kiwango kilichowekwa na watafiti walikuwa asilimia 55 katika kundi la kwanza, na asilimia 18 katika la pili. Mnamo Agosti 12, 2021, Marekani iliidhinisha dozi ya tatu kwa watu wa aina hiyo. Uamuzi huo ulijengwa kwa sehemu kubwa juu ya vipimo vya kingamwili, wala haukungoja hesabu za waliougua na waliokufa.

Hata hivyo, tarakimu hizi hazifai kunukuliwa kwa kila chanjo. Zinahusu chanjo za mRNA, ilhali Kenya ilipoanza kuchanja Machi 2021, ilitumia AstraZeneca, ambayo imeundwa kwa njia tofauti.

Mahali majibu yanapoweza kupotosha

Kosa la kwanza ni kupima mapema mno au kwa kuchelewa mno. Siku chache baada ya sindano, kingamwili hazijaundwa za kutosha. Miaka kadhaa baadaye, huenda zimepungua ingawa mtu aliitikia vyema hapo awali.

La pili ni kingamwili za kuazima. Aliyeongezewa damu hivi karibuni au kupewa dawa ya kingamwili anaweza kupatikana na kingamwili ambazo mwili wake haukuziunda. Atasherehekea mwitikio usiokuwepo.

La tatu ni kuchanganya chanjo na maradhi. Kwa homa ya ini aina ya B, chanjo huzaa kingamwili dhidi ya protini ya ganda la kirusi pekee. Aliyewahi kuambukizwa huwa pia na kingamwili dhidi ya kiini chake, na kwake kuna hatari kwamba kirusi kilicholala kitaamka kinga ikipunguzwa. Kipimo kimoja hakitoshi kumtofautisha.

La nne ni kulinganisha tarakimu za maabara mbili zisizotumia vipimo sawa. Ni kwa ajili hiyo WHO iliidhinisha kigezo cha kimataifa cha kingamwili za Corona mnamo Desemba 2020. Hata hivyo, mnamo Mei 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba vipimo vya kingamwili visitumiwe kuamua kama mtu aliyechanjwa amekingika dhidi ya Corona, kwani mpaka wa usalama haukuwa umejulikana.

Kisa cha dawa ya Evusheld kinaonyesha ni kwa nini tahadhari hiyo ilihitajika. Dawa hiyo ya kingamwili zilizotengenezwa maabarani iliruhusiwa Marekani Desemba 2021 kwa ajili ya watu ambao miili yao haitarajiwi kuitikia chanjo ipasavyo. Januari 2023, ruhusa ilisitishwa kwa sababu aina mpya za virusi zilikuwa zimekwisha kuikwepa. Mgonjwa angeweza kuwa na kingamwili tele, na zote zikawa ni funguo za kufuli iliyokwisha badilishwa.

Wakati bora ni kabla ya upasuaji

Wataalamu wanakubaliana kwamba chanjo hufaa zaidi zikitolewa kabla ya mgonjwa kuanzishiwa dawa za kupunguza kinga. Chanjo zenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa, kama za surua, tetekuwanga na homa ya manjano, sharti zitangulie upasuaji kwa angalau wiki nne. Baada ya upasuaji, hizo kwa kawaida hazitolewi, kwa kuwa kijidudu dhaifu kinaweza kuugeukia mwili usioweza kukidhibiti.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa Wakenya. Kirusi cha homa ya manjano kingalipo humu nchini. Mlipuko ulitangazwa katika Kaunti ya Isiolo mwezi Machi 2022. Vilevile, chanjo ya homa ya ini aina ya B iliingizwa katika ratiba ya watoto wachanga mwaka wa 2001. Waliozaliwa kabla ya hapo, ambao ni wengi miongoni mwa wanaosafishwa damu kwa mashine leo, hawakuipata utotoni.

Kusafishwa damu nako hudhoofisha mwitikio. Ilhali zaidi ya asilimia 90 ya vijana wenye afya huitikia chanjo ya homa ya ini, kiwango hicho hushuka kwa wagonjwa wa figo. Kwa hivyo, hupewa dozi ya mikrogramu 40, ambayo ni maradufu ya ile ya kawaida ya mtu mzima, hupimwa mwezi mmoja au miwili baada ya kumaliza, na hupimwa tena kila mwaka. Kingamwili zikishuka chini ya 10, huongezewa dozi. Huu ndio mfano bora wa kipimo kinachozaa hatua: jibu hupatikana, na kuna la kufanya.

Baada ya upasuaji

Chanjo zisizo na vijidudu hai kwa kawaida huendelezwa miezi mitatu hadi sita baada ya upandikizaji. Ile ya mafua inaweza kutolewa hata baada ya mwezi mmoja maradhi hayo yakiwa yameenea. Hofu kwamba chanjo itaufanya mwili uikatae figo haijathibitishwa na utafiti.

Mtu akipimwa na kukutwa hana kingamwili, njia zilizopo ni kurudia dozi, kutumia chanjo yenye nguvu zaidi pale inapopatikana, na kumkinga kwa kuwachanja anaoishi nao. Kupunguza dawa ili chanjo ishike ni hatari, na faida yake haijadhihirika. Watafiti wa Uholanzi waliwaachisha baadhi ya wagonjwa mikofenoleti kwa wiki moja kabla na moja baada ya dozi ya nyongeza ya Corona. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka wa 2023, hayakuonyesha tofauti ya maana na wale walioendelea kuimeza. Mgonjwa asithubutu kujiamulia jambo hilo, kwani figo iliyokataliwa inaweza isirudi tena.

Familia zenye watoto wachanga nazo zimweleze mhudumu wa afya kwamba nyumbani mna mtu aliyepandikizwa kiungo, hasa kabla ya mtoto kupewa chanjo ya polio ya matone, ili washauriwe ipasavyo. Si sababu ya kumnyima mtoto chanjo.

Maswali ya kumuuliza daktari

Anayesubiri kupandikizwa kiungo, au aliyekwisha kupandikizwa, anaweza kunufaika kwa kuuliza maswali haya: Je, ni chanjo zipi ninazopaswa kumaliza kabla ya upasuaji? Je, damu yangu ilipimwa kabla ya chanjo, au itapimwa baadaye pekee? Je, ugonjwa huu una kiwango kinachojulikana cha kinga, au tarakimu nitakayopewa ni ya makadirio? Na jibu likiwa baya, ni hatua gani itakayofuata?

Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote. Kipimo kisichobadilisha uamuzi wowote humgharimu mgonjwa pesa na utulivu wa moyo bila kumpa kitu. Kile kinachoongoza kwenye dozi ya ziada, au kinachomfanya mtu aendelee kujihadhari ingawa ana cheti mfukoni, kinaweza kuyaokoa maisha yaliyokwisha kuokolewa mara moja kwa figo ya mtu mwingine.